Bomba la inchi 4 au boksi la plaiwudi? Cha kununua ili picha yako ya Tingatinga ifike salama

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia meseji, kaka nimenunua picha pale Tingatinga Msasani nataka kumtumia dada yangu Ujerumani, naifunga na nini? Mi nachora na kuuza hizi picha za Tingatinga, mtindo wa uchoraji wa hapahapa Dar, na kufunga nafunga mwenyewe kwa mkono wangu, kwahiyo naandika yote hapa nikiulizwa nawaelekeza huku.

Kabla hujatoa hela ya bomba wala boksi angalia kwanza rangi imekauka kweli. Picha zetu tunachora na rangi ya mafuta, ile tunaiita rangi ya baiskeli, na hii rangi ina tabia ya kukauka juu wakati ndani bado mbichi. Unaigusa leo unaona safi, kesho inakaa juani kwenye gari la mizigo inaanza kunata upya. Mi nasubiri wiki 3, picha ikiwa na rangi nene nasubiri zaidi. Kama unanunua na hujui imechorwa lini, chukua kipande kidogo cha karatasi weka pembeni kabisa ya picha, juu yake weka kitabu kizito, lala. Asubuhi karatasi ikitoka bila kung'ang'ania funga, ikivutavuta hata kidogo iache ining'inie ukutani.

Hii niliijua kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza kuuza nilimtumia mteja pundamilia, mita moja kwa sentimita 70, nikaviringisha na gazeti kwasababu ndo lilikuwepo. Alipoifungua akanipigia video, nikaona kabisa herufi za gazeti zimehamia kwenye mistari myeupe ya tumbo na kwenye shingo rangi imebanduka imebaki kwenye karatasi. Nilimrudishia hela yake na nikamchorea nyingine, na iliniuma maana ile ya kwanza nilikaa nayo siku 4.

Kwahiyo gazeti hapana kabisa. Kinachogusa rangi nunua karatasi ya kuokea keki, ile inayoteleza, supamaketi yoyote ipo. Nailoni yenye mapovu ya hewa ni nzuri lakini ije juu ya karatasi, ukiigusisha kwenye rangi na joto la Dar utakuta viduara vimejichapa picha nzima na havitoki.

Sasa tuje kwenye vya kununua, naanza na kilicho bora.

Namba moja ni bomba la PVC la inchi 4, lile fundi bomba anatumia kwa maji machafu. Nenda hadwea yoyote, Kariakoo yamejaa, likiwa la mita 6 mwambie akukatie vipande vya mita moja unapata 6, gawaneni na wenzako. Halipondeki hata likirundikiwa mizigo, maji hayaingii ukifunga vizuri, na upana wake unatosha picha isikunjamane. Usishawishike na la inchi 2 kwasababu ni rahisi, humo picha inabanwa mpaka rangi inapasuka vistari vistari. Namna ya kuweka: weka karatasi juu ya rangi, viringisha RANGI IKIWA NJE, najua wengi mnaweka ndani mkiamini mnailinda lakini ikiwa ndani rangi inajibana na kujikunja, ikiwa nje inanyooka tu kidogo. Afu tia kwenye mfuko wa nailoni, ingiza, jaza kitambaa au sponji huku na huku isicheze. Vifuniko vya bomba usivigundishe na gundi ya PVC jamani, forodha wakitaka kukagua watachukua msumeno, na msumeno haujui picha imeishia wapi. Selotepu pana ya kuzunguka inatosha. Na nauli yake nafuu, kampuni nyingi za kutuma vifurushi kwa ndege zinazidisha urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita zinagawa kwa 5000 kupata kilo za kulipia, kipande cha 100 kwa 11 kwa 11 kinatoa kama kilo 2.4 tu.

Namba mbili boksi la plaiwudi, na hili ni kwa picha ambayo haiviringishiki. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alikuwa anachora kwenye hadibodi, siku hizi wengi tunachora kwenye kitambaa lakini za ubao bado zipo, na zipo zilizokwisha pigwa fremu. Seremala atakutengenezea, ila msimamie kwenye mambo mawili. Funga kwa skrubu sio misumari, kila nyundo inayogongwa picha ikiwa ndani inaitikisa rangi. Pili, maseremala wanapenda kukaza kona na vipande vya mbao, na mbao halisi, sio plaiwudi, ikienda nje ya nchi inatakiwa iwe imepikwa nyuzi joto 56 kwa dakika 30 au imefukizwa dawa na ina mhuri wa IPPC, hiyo ni kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wa mbao. Plaiwudi yenyewe haidaiwi huo mhuri, kwahiyo mwambie hata kona akaze kwa vipande vya plaiwudi. Ubaya wake ni bei ya kusafirisha, boksi la 120 kwa 90 kwa 15 linahesabiwa kilo 32 na zaidi hata kama ukilibeba kwa mkono mmoja. Kama fremu ni ya kawaida tu mi namshauri mteja tuitoe, kitambaa kiende kwenye bomba, fremu atapiga hukohuko.

Namba tatu, kwa picha ndogo za ukubwa wa daftari: vipande viwili vya hadibodi, picha katikati, kila kipande kizidi picha sentimita 5 kila upande maana pembe ndo zinaanza kuumia. Rahisi, inatosha.

Namba nne mrija wa karatasi ngumu wa ndani ya jora la kitambaa, kwenye maduka ya vitenge ukiomba vizuri unapewa bure. Kwa basi la Dar Arusha unafaa kama wewe mwenyewe ndo unaupokea stendi. Ukilowa mvua ya masika unalegea kama uji, kwa ndege sikushauri.

Ukishatuma mwandikie anayepokea: asiipige fremu siku hiyohiyo. Aitandaze mezani rangi ikiwa juu, kona 4 aweke vitabu juu ya karatasi safi, aiache siku 2 ijilaze yenyewe.