Kibanda cha Chang'ombe kinachoichana Marekani kwa buku moja

Kiingilio ni buku. Benchi la mbele kabisa ni jero, kwa sababu shingo itakuuma. Kila Ijumaa na Jumamosi baada ya Isha, kibanda umiza kimoja cha Chang'ombe hapa Dodoma kinaweka pembeni mechi na muvi za mapigano, kinafungulia siasa za Marekani. DJ anakaa pembeni ya skrini na laptopu, maiki na miksa ndogo ya chaneli nne. Anarusha vipande vya vikao vya Bunge lao, midahalo ya wagombea na mikutano ya kampeni. Kila baada ya dakika moja au mbili anasimamisha picha na kuwachana waliomo, wazungu kwa weusi, hakuna wa kuonewa aibu. Shoo nzima ni saa mbili ukitoa mapumziko ya chai.

Kwa mwenye haraka: saa ya kwanza inastahili mara mbili ya kiingilio chake. Ya pili inahitaji mkasi.

DJ wa kutafsiri muvi tumemzoea tangu enzi za kanda za Lufufu, mkongwe wa kazi hiyo. Ila muvi ni hadithi, DJ akichapia jina la jambazi hakuna anayeumia. Huyu amechukua mambo ya kweli, na mambo ya kweli yana hesabu zake. Akiipata hesabu, kibanda kinapasuka kwa kicheko. Akiikosa, anabaki mtu anayepiga kelele kwenye maiki.

Hesabu anayoipatia kuliko zote ni ya Wajumbe wa Uchaguzi, wale wanaomchagua rais kwa niaba ya wapiga kura. Anasimamisha ubao mweusi mbele ya skrini, anaandika 435, chini yake 100, chini yake 3, anapiga mstari: 538. Mia nne thelathini na tano ni idadi ya Wawakilishi, wabunge wa bunge lao la chini, mia moja ni maseneta wa bunge la juu, watatu ni wa jiji la Washington. Nusu ongeza mmoja, 270, umeingia Ikulu. Halafu anaanza kuchokoza. Jimbo la California lina watu karibu milioni 39 na nusu kwa sensa ya 2020, lina wajumbe 54. Jimbo la Wyoming halifiki watu laki sita, lina wajumbe watatu. Gawanya mwenyewe: California mjumbe mmoja anabeba watu 730,000 hivi, Wyoming anabeba kama 192,000. "Ng'ombe wa Wyoming wana sauti kuliko wewe mwenye digrii ya Los Angeles," anasema, na makofi ya kwanza ya usiku yanapigwa hapo.

Kisha anaileta nyumbani. Jiji la Dodoma peke yake, kwa sensa ya 2022, lina watu zaidi ya laki saba, yaani linaizidi Wyoming nzima, na Wyoming ina maseneta wawili sawasawa na California. Jiji la Washington nalo linaizidi Wyoming kwa watu, lakini seneta halina hata mmoja, na mwakilishi wake kule Bungeni hapigi kura ya kupitisha sheria. "Wazee wangu, nyie mnaishi makao makuu na mbunge mnaye. Wenzenu wanaishi makao makuu wanamwangalia mbunge kwenye TV kama mechi ya ugenini." Hata kura ya rais watu wa Washington waliipata kwa marekebisho ya Katiba ya 1961. Na hapa DJ haruki kitu ambacho wachambuzi wengi wa redioni wanakiruka: Washington kwa miaka mingi lilikuwa jiji lenye weusi wengi kuliko wazungu, kwa hiyo ubishi wa kulipatia jiji hilo maseneta au kulinyima haujawahi kuwa ubishi wa ramani peke yake.

Wateja wa hapa wanachangia utamu. Nusu ya mabenchi ni madereva, makarani na walinzi wa ofisi za serikali, watu wanaosikia "mwongozo wa Spika" na "kuhusu utaratibu" kila msimu wa Bunge. Ukiwaambia seneta wa Marekani anaweza kuongea usiku kucha na hakuna wa kumzimia maiki mpaka zipatikane kura 60 za kufunga mjadala, hawahitaji maelezo zaidi. Wanauliza tu posho ya kikao inahesabiwaje.

Onyesho la pili kwa ubora ni la mabenchi. DJ anawaomba watu watano wa benchi moja wasimame, anawahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, basi, kaeni. Wanne na watano wanabaki wameduwaa. Hiyo ndiyo Katiba ya 1787: mtumwa alihesabiwa kama tatu ya tano ya mtu wakati wa kugawa viti vya Bunge. "Mmelipa watano, mmehesabiwa watatu, na kura zenu anapiga mwenye benchi." Anaeleza pia lile ambalo wengi hulielewa kichwa chini. Waliotaka watumwa wahesabiwe wazimawazima ni mabwana wa Kusini wenyewe, kwa kuwa kila kichwa kiliwaongezea wabunge. Watu wa Kaskazini ndio waliosema wasihesabiwe kabisa. Mtumwa akawa mtu siku ya kugawa viti, akarudi kuwa mali siku ya mnada. Dakika sita tu, na ndizo dakika sita zilizopangwa vizuri kuliko zote.

Kipande cha maji kinahitaji marekebisho kidogo. DJ anainua chupa ya maji, anasema jimbo la Georgia mwaka 2021 lilitunga sheria ya kumkamata anayekunywa maji kwenye foleni ya kura. Hapana. Sheria ile ilikataza kumgawia mpiga kura chakula au kinywaji ndani ya futi 150 za jengo la kituo, karibu mita 46. Kunywa maji yako ruksa, na wasimamizi wanaruhusiwa kuweka maji ya kujichotea. Ukweli huo unachekesha kuliko uongo wake, kwa sababu unaweza kuupima kwa hatua: kutoka mlango wa kibanda mpaka kwa mama wa karanga ni kama mita hizo hizo. Angemtuma dogo mmoja na kikombe, akamsimamisha nusu ya njia na kumwambia "hapo umevunja sheria," watu wangeanguka. Na foleni ndefu huko mara nyingi huwa kwenye mitaa ya weusi, jambo ambalo analitaja kwa mbio kana kwamba anachelewa daladala.

Kwa Obama amefika darasa lingine. Mama mzungu wa Kansas, baba Mjaluo wa Kenya; kule Kisumu anaitwa mtu wetu, kule Washington anaitwa mweusi, na huku kwetu Majengo angeitwa chotara tu yakaisha. Kwenye fomu ya sensa ya 2010, mwenyewe akiwa rais, aliweka alama kwenye weusi peke yake ingawa fomu iliruhusu zaidi ya moja. Halafu inakuja ile habari ya cheti cha kuzaliwa. Trump alivalia njuga kudai mtu huyu hakuzaliwa Marekani, cheti kirefu cha Hawaii kikatolewa Aprili 2011, na Trump mwenyewe akakubali hadharani Septemba 2016. DJ: "Rais wa taifa kubwa anahakikiwa cheti kama dogo wa UDOM anayeomba mkopo! Bado kupeleka RITA kugongwa muhuri." Yeyote aliyewahi kuhangaika na uhakiki wa cheti dirisha la mkopo likikaribia kufungwa hahitaji kutafsiriwa.

Anaunganisha hapo na jimbo la Virginia, na kwa hili anastahili kupigiwa saluti. Mwaka 1924 Virginia ilitunga sheria kwamba mzungu ni yule asiye na hata chembe ya damu nyingine. Kukawa na tatizo: familia kubwa za wazungu pale zilikuwa zikijisifu kuwa ni uzao wa Pocahontas, binti wa Kihindi Mwekundu. Zote zingepoteza uzungu asubuhi moja. Sheria ikatobolewa tundu: damu ya Kihindi Mwekundu ya moja ya kumi na sita au pungufu, bado wewe ni mzungu. Damu ya Mwafrika haikupewa tundu. Ndoa za mzungu na asiye mzungu zikabaki kosa la jinai hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipozifungulia 1967. DJ anaigiza karani wa vizazi na vifo akipima damu kwa kijiko cha chai, na anaigiza vizuri.

Baada ya chai mambo yanaharibika, na sababu inaonekana waziwazi. Ameishiwa karatasi. Saa ya kwanza anasoma kwenye daftari, ya pili anaongea kutoka kichwani, na kichwani mna nywele za Wamarekani weusi, lafudhi yao, suruali zao zinazoshuka, na "hawa wamesahau kwao." Wanaocheka hapo ni vijana wa benchi la mbele tu. Utani wa kumchana aliyetunga sheria una mahali pa kushika. Wa kumcheka mtu kwa sababu mababu zake walipakiwa melini una sekunde tano za uhai, halafu kibanda kinanyamaza na DJ anaongeza sauti ya sabufa kuziba. Kipande cha polisi akimpiga risasi kijana, kilichowekewa mlio wa katuni, kifutwe leo hii.

Vyama vyao viwili vikubwa, Republican na Democratic, navyo anavichanganya. Anasema Republican ni chama cha wazungu tangu kizaliwe. Kimezaliwa katika miaka ya 1850 kupinga utumwa kuenea, Rais Abraham Lincoln alikuwa wake, na seneta mweusi wa kwanza, Hiram Revels wa Mississippi, aliingia 1870 kwa tiketi hiyo hiyo. Wababe wa ubaguzi kule Kusini walikuwa Democratic. Hata Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipata asilimia kubwa zaidi ya kura za wabunge wa Republican kuliko za Democratic. Ila mwaka huo huo mgombea urais wa Republican, Barry Goldwater, alikuwa ameipigia sheria hiyo kura ya hapana kule Seneti. Akabwagwa vibaya nchi nzima, lakini akabeba majimbo matano ya Kusini kabisa. Wapiga kura wazungu wa Kusini wakaanza kuhama, na weusi waliobaki upande wa Republican wakamalizika kuondoka. Kufananisha na vyama vya hapa, kama anavyojaribu, kunavuruga tu. Hatuna vyama vilivyowahi kubadilishana wateja namna ile.

Kinachouma ni kwamba kipande cha kueleza yote hayo anacho kwenye laptopu na hajui alichoshika. Anarusha hotuba ya Cory Booker, seneta mweusi wa New Jersey, aliyeongea saa 25 na dakika 5 kuanzia Machi 31, 2025. DJ anaimaliza kwa utani wa choo: alijizuiaje? Sawa, kicheko kimoja. Lakini rekodi aliyoivunja ilikuwa ya nani? Ya Strom Thurmond wa South Carolina, saa 24 na dakika 18, mwaka 1957, akizuia sheria ya haki za kiraia. Thurmond huyo huyo alihama Democratic kwenda Republican mwaka 1964, akakaa Seneti mpaka akatimiza miaka 100. Alipokufa 2003 ikathibitika kwamba ujanani alizaa binti na msichana mweusi aliyekuwa mtumishi nyumbani kwa wazazi wake. Mzee kasimama siku nzima mchana na usiku kukataa watu weusi wasipate haki, na mtoto wake mwenyewe ni mmoja wao! Hapo pana robo saa ya utani usiohitaji kuongezwa chumvi, na jamaa amekwama kwenye choo.

Ufundi. Kosa kubwa la sauti ni kuacha chaneli ya video juu wakati anaongea, kwa hiyo seneta na DJ wanagombania spika moja. Ashushe kitelezi cha video hadi robo kabla hajafungua mdomo, akipandishe akimaliza. Au aiweke video upande wa kushoto peke yake. Sabufa imeegemea ukuta wa bati na kila besi inatetemesha misumari, isogezwe nusu mita na kuwekewa kipande cha zulia chini. Benchi la tatu katikati ndilo lenye sauti safi. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, piga simu kwanza: mvua ikianza hakuna utakachosikia na pesa hairudishwi. Umeme ukikatika jenereta linachukua kama dakika tano, ila projekta inahitaji kupoa kabla ya kuwashwa tena, na akiiharakisha taa yake itakufa.

Kuhusu video, vikao vya Bunge la Marekani vilivyorekodiwa na Bunge lenyewe havina haki miliki. Midahalo ni mali ya vituo vya televisheni, na ndiyo itakayomletea wageni wenye vitambulisho siku moja.

Sauti ya shoo inauzwa mlangoni kwa jero, wanakuwekea kwenye flashi. Flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Redio nyingi za gari na sabufa za zamani hazisomi ule mfumo mwingine wa exFAT, na wahudumu hawakuambii hilo mpaka umefika nyumbani. Mafaili ni mawili, la saa ya kwanza na la saa ya pili. Omba la kwanza tu, bei ni ile ile.