Stima zikipotea, samaki wanataka hewa: nini cha kununua ukiwa Mombasa

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, stima zilipopotea karibu nchi nzima, mimi nililala. Nilijiambia zitarudi. Tangi langu la lita 54 lilikuwa sebuleni hapa Tudor, na ndani yake samaki wa dhahabu watano walionona. Alfajiri nilipoamka kuswali nikawamulika kwa simu: watatu wanaelea, wawili wako juu kabisa, midomo nje, wanagugumia kama waliotoka mbioni. Maji hayakuwa machafu. Baridi ndiyo kabisa hayakuwa nayo. Yalikuwa yameishiwa hewa, maana mashine inayoyapulizia mapovu ilizima pamoja na stima.

Nalitanguliza hili kwa sababu ushauri mwingi wa mtandaoni kuhusu tangi la samaki na kukatika kwa umeme umeandikwa na watu wa Kanada na Marekani, ambao waya zao huangushwa na dhoruba za theluji. Hofu yao ni baridi. Wanalizungushia tangi blanketi, wanatia ndani chupa za maji moto. Ukiyafanya hayo Mombasa mwezi wa Februari, kaskazi imesimama na hata pazia halitikisiki, utakuwa unachemsha mchuzi.

Maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika hewa kidogo. Lita moja ya maji matamu ikiwa nyuzi 20 huweza kushika oksijeni kama miligramu 9. Ikifika nyuzi 30 ni kama 7 na nusu tu. Na samaki naye katika joto hutumia hewa zaidi. Kwa hiyo unaponunua kitu cha kukulinda siku ya giza, nunua hewa. Hita ya wati 100 uisahau: itaimaliza pawabanki kubwa kabla saa moja haijatimia, na hukuwa na haja nayo tangu mwanzo.

Kipimo changu cha pili ni hiki: je, kinajiwasha chenyewe? Stima hazikungoji urudi kutoka kazini. Mwaka 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, nchi nzima ikakaa giza zaidi ya saa 3. Nani angelipanga hilo? (Nikiwa mkweli, giza nyingi za nyumbani kwangu si za tumbili wala za mvua. Ni tokeni zimekwisha usiku wa manane na mwenye simu amelala.) Kifaa kinachosubiri mkono wako ni nusu ya kifaa, na ndiyo maana mpangilio wangu hauendi kwa ukubwa wala kwa bei.

Namba moja: mashine ya hewa yenye betri ndani

Hii inakaa imechomekwa ukutani saa zote. Stima zikiwepo inajichaji, zikipotea inapuliza yenyewe. Ziko aina mbili na wauzaji huzichanganya: moja hupuliza wakati wote, nyingine hulala mpaka stima zikatike ndipo iamke. Mimi napenda ile ya wakati wote, maana ikiharibika nitaona siku hiyo hiyo kwamba mapovu hayapo. Ile ya kulala inaweza kufa kimya kimya, ukaja kugundua usiku ule ule unaoihitaji. Ukiinunua, ichomoe ukutani kila mwisho wa mwezi uione ikiamka.

Usilipe kabla hujaijaribu. Nenda na chupa ya maji ya lita moja na jiwe lako la hewa, lile lenye vitundu linalotoa mapovu. Muuzaji aichomeke, ikae kidogo, kisha aichomoe mbele yako. Mapovu yaendelee kutoka chini kabisa ya chupa. Nilipokwenda na chupa yangu duka moja la mjini, kijana akanicheka: "Mzee, wewe umekuja kununua mashine au kuuza maji?" Aliacha kucheka mashine mbili za kwanza zilipozima.

Kasoro yake ni betri ya lithiamu inayokaa kwenye chaji mwaka mzima katika joto letu. Inazeeka. Iliyokuwa inashika saa 10 itashuka, na nyingi hazifunguki kubadilishwa betri. Ihesabu kama tairi, itakuja kubadilishwa.

Namba mbili: mashine ya USB na pawabanki

Kwa mtu anayeshinda nyumbani, hii naiweka karibu sawa na ya kwanza, na kwa pesa ndiyo inayoishinda, kwa sababu pawabanki huenda tayari unayo. Mashine ndogo ya USB hula wati 1 hadi 2. Pawabanki ya kweli ya mAh 20,000 ina nishati ya takriban wati-saa 74. Toa kinachopotea njiani, unabaki na hamsini na kitu. Kwa mashine ya wati 1 na nusu hizo ni zaidi ya saa 30. Usiku mzima, mchana mzima, na sehemu kubwa ya usiku wa pili juu yake.

Nimesema ya kweli. Mjini utaonyeshwa pawabanki imeandikwa 50,000, nyepesi kama kiberiti, kwa bei ya sahani mbili za pilau. Ya 20,000 halisi inalemea mkono. Ina uzito unaokaribia nusu kilo. Geuza nyuma usome maandishi madogo, tafuta wati-saa (Wh). Isipokuwa nayo, iache.

Kuna mitego mingine miwili. Pawabanki nyingi hujizima zikihisi kinachotumika ni kidogo mno, zikidhani simu imejaa. Iache na mashine yako dukani robo saa uone. Pili, ziko zinazoweza kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja, na ziko zisizoweza. Chomeka pawabanki ukutani, mashine kwenye pawabanki, halafu chomoa ukutani. Mapovu yakiendelea, au yakikatika kufumba na kufumbua na kurudi, umejipatia kifaa kinachojiwasha. Yakikatika moja kwa moja, itabidi uwe macho.

Kifaa kilicholala kwenye chaji muda mrefu kikague kwa kiganja. Kikivimba tumbo, kitoe nyumbani.

Namba tatu: betri ya volti 12

Hii ni ya mwenye matangi mawili matatu, au anayeishi mahali ambapo giza huchukua siku. Betri ndogo ya saa-ampea 7, ile ya kengele za wezi, ina wati-saa 84. Kwa kuwa ni ya madini ya risasi usiinyonye zaidi ya nusu, lakini hata hiyo nusu inaendesha mashine ya wati 3 kiasi cha saa 14. Ukiiongezea paneli ndogo ya sola na kidhibiti chaji, jua la Mombasa linakufanyia mengine bure. Ya pikipiki pia hufaa, ingawa imeumbwa kwa kustua injini, si kwa kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha, kwa hiyo haitadumu.

Sikuiweka juu zaidi kwa sababu ya waya. Lazima upate mashine ya hewa ya volti 12, fyuzi, na fundi asiyekufunga vitu kwa selotepu. Na hewa yetu ya chumvi hula viungo vya shaba. Paka grisi kwenye nguzo za betri.

Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kama unayo tayari, fungulia tangi waya wake na umemaliza. Betri ya saa-ampea 100 ikitumiwa nusu inatoa wati-saa 600, na filta ya kawaida ya wati 10 itazunguka zaidi ya siku nzima hata ukihesabu kinachomezwa na inveta yenyewe. Kuinunua kwa ajili ya samaki pekee ni kuchinja ngamia ili mtu mmoja apate supu. Ukinunua, uliza kama mawimbi ya umeme wake ni laini. Zile za bei rahisi zenye mawimbi ya mraba hufanya mota za pampu kuvuma na kupata moto.

UPS ya kompyuta ndiyo watu huikimbilia, nami niliikimbilia. Ile ndogo ya 650VA mara nyingi ina betri ile ile ya saa-ampea 7 niliyoitaja, lakini imetengenezwa ikupe dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta. Yenyewe inakula umeme wa ndani, kwa hiyo mashine yako ya wati 3 inakuwa abiria mdogo kwenye lori. Utapata saa chache, pamoja na mlio wa pi-pi-pi utakaowaamsha majirani. Kwa giza fupi za kila wiki inatosha. Kwa usiku kama ule wa Agosti, hapana.

Mashine ya betri kubwa za kununua, zile nene za tochi, niliipenda zamani. Hupuliza muda mrefu na bei yake ni ndogo. Lakini springi zake pwani hii hazimalizi mwaka bila kutu, nyingi hazijiwashi, na betri mpya kila mara ni gharama. Ukiwa nayo, ihifadhi betri zikiwa nje, ndani ya mfuko uliofungwa.

Jenereta ya mwisho. Kelele, petroli, na moshi wenye kaboni monoksaidi unaoua watu kabla ya samaki. Kwenye fleti usithubutu, hata roshani.

Vidogo vya kuongeza kwenye kapu

Filta ya sponji. Ukishakuwa na mashine ya hewa, kitu kimoja cha kuongeza leo pengine ni hii, maana inaendeshwa na mashine ile ile. Bakteria wanaosafisha maji wanaishi ndani ya filta na wao pia wanapumua. Filta ya mota ikisimama wanaanza kufa baada ya saa kadhaa. Sponji ikipulizwa na pawabanki, samaki wana hewa na bakteria wana kazi.

Vali ya kuzuia maji kurudi. Mashine iliyo chini ya usawa wa maji ikizima, maji hufuata mpira kurudi nyuma mpaka sakafuni. Vali ni bei ya chai na mahamri. Pia gadi ya friji kwenye soketi, maana stima hazirudi kwa adabu.

Wenye samaki wa maji ya chumvi wana shida zaidi. Maji ya bahari hushika oksijeni pungufu kwa kama sehemu moja katika tano, na samaki wa mwambani hawakuzoea hewa chache. Wao wanunue namba moja na namba mbili zote. Mwenye samaki wa beta au gurami naye asijitie hasara: hao huja juu wakavuta hewa kwa mdomo, tangi likiwa na nafasi hawana haraka.

Shemeji yangu yuko Limuru, ambako Julai watu hulala na sweta. Yeye nilimwambia anunue mashine ya hewa na blanketi pia, kwa sababu kule tangi lisilo na hita linaweza kushuka hadi samaki wa maji ya joto wakalala ubavu. Blanketi pembeni, juu aache wazi.

Usiku ukikukuta hujanunua chochote, chukua kata. Chota maji ya tangi, yainue kiasi cha shibiri mbili, yamwage tena humo humo, dakika tano kila nusu saa. Mkono utauma, lakini yanashika hewa. Chakula usiwape kabisa. Samaki mzima hafi kwa siku mbili tatu za njaa, ila chakula kilichooza kinaweza kummaliza.

Stima zikirudi baada ya saa nyingi, filta ya kopo iliyofungwa usiiwashe hivyo hivyo. Maji yaliyolala ndani yameoza. Ifungue, mwaga, suuza sponji zake kwa maji ya tangi kwenye ndoo, si ya mfereji yenye klorini, ndipo uiwashe. Kisha badilisha robo ya maji ya tangi kwa maji yaliyokaa ndooni tangu jana. Yale ya kisima usiyaamini kabla hujayaonja chumvi.