Kliniki ya ngozi KCMC na mafuta ya nyayo: uzoefu wangu na soriasisi

Naandika hii kwa mtu yeyote ambaye nyayo zinampasuka na magamba hayaishi, maana mimi nimeuziwa sana dawa za fangasi. Ukienda duka la dawa ukaonyesha mguu unapewa tyubu ya fangasi hapo hapo, hakuna anayekuuliza kama una kitu kingine mwilini. Nauza mitumba soko la Memorial hapa Moshi, nasimama kutwa, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikiingia visigino vinachanika mpaka soksi inagandia kwenye damu, jioni kuivua ni kilio.

Dada mmoja tunayeuza naye ndo akanisukuma niende hospitali ya KCMC, kliniki ya ngozi. Pale kuna kituo cha kufundisha mambo ya ngozi, RDTC, kipo tangu 1992 na wanaosoma wanatoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo usishtuke ukizungukwa na makoti meupe. Mimi nilipenda, maana waliangalia kweli.

Na hawakuishia miguuni, hapa ndo nawapa maksi zote. Daktari akaniambia mama naomba ufungue na kilemba, akaangalia kichwani ambapo siku zote najua ni mba, akaja viwiko, mgongoni chini, halafu akashika vidole vyangu akavigeuza kwenye mwanga, kumbe kucha zina vitobo vidogo vidogo kama subana ya fundi cherehani na mimi nilikuwa nazipaka rangi tu. Akakwangua gamba kiwikoni taratibu, vikatokea vidoti vya damu. La unyayoni wakalipima kwa darubini, fangasi hakuna, akasema hii ni soriasisi. Akaniuliza pia kama viungo vinakaza asubuhi, maana ugonjwa huu unaweza kuingia mpaka kwenye viungo.

Alivyonieleza ni kwamba kinga ya mwili inaikimbiza ngozi, ile inayotakiwa kujibadilisha kwa kama mwezi inajibadilisha kwa siku chache, inarundikana. Halafu zile picha za mtandaoni za mabaka mekundu zinatupoteza, kwenye ngozi nyeusi yanaweza kuwa ya zambarau au kijivu, yangu ndo hivyo. Na HAIAMBUKIZI jamani, hii nimeirudia sana nyumbani maana nilishatengewa ndala za bafuni, na iliniuma kuliko hata mipasuko.

Sasa dawa. Nilipewa mafuta mazito yenye asidi ya salisiliki ya kulainisha magamba. Usiku naloweka miguu maji ya uvuguvugu, nakausha kwa kugandamiza taulo, napaka, najaza na vaselini juu, navaa soksi za pamba nalala. Jiwe la kusugulia miguu nimeliacha kabisa, maana ukiikwaruza ngozi yenye ugonjwa huu baka jipya linaweza kuota pale pale. Mafuta yananata, shuka zinachafuka, na usitegemee matokeo ya haraka, ila visigino vyangu sa hivi vinakunjika bila kuchanika, nashuka ngazi ya daladala kwa mguu mzima.

Kwa zile sehemu nene nilipewa krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza ngozi iliyowaka, kwa muda maalumu. Hapa sikilizeni vizuri, kuna krimu za steroidi kali ambazo watu wanajichubulia, zinauzwa holela tu, na ukipaka kiholela muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, na ukiacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa hasira. Nenda na tyubu zako zote kwenye mfuko uwaonyeshe, hata za mkorogo, na vidonge vya magonjwa mengine unavyokunywa, maana kuna dawa zinazoamsha soriasisi, baadhi ya zile za presha zimo.

Kichwani na viwiko bado, sitaki kudanganya mtu. Tuliongea kuhusu vidonge vya methotreksati vya kutuliza hiyo kinga ya mwili, vile vinanywewa mara moja tu kwa wiki, siyo kila siku, na lazima upimwe damu kuangalia ini, lakini havifai kabisa kwa anayetafuta ujauzito na mimi bado nataka mtoto mwingine. Daktari hakunilazimisha, akasema tuendelee na za kupaka na kichwa atanibadilishia dawa kliniki ijayo.