Vyuma vya boti ya kujijengea: karakana ya stenlesi pale Gerezani, Dar, naipa nne kati ya tano

Wale mnaojijengea viboti uani na kila siku mnauliza vyuma vya usukani vinapatikana wapi, hii ni yenu. Kuagiza nje inawezekana, ila ukishalipa mzigo na ushuru unakuta bawaba za usukani zimekula hela uliyotenga ya rangi, na bado hazijakaa kwenye boti yako maana zimetengenezwa kwa unene wa mbao zao sio zako. Mimi kiboti changu ni cha mita nne hivi, plaiwudi ya marini imepigwa faibaglasi, tanga moja, kinajengwa Kigamboni, na vyuma vyake karibu vyote nimetengenezesha Gerezani.

Jina la karakana silitaji, hata bango hawana. Ukishuka mwendokasi Gerezani ingia ndani kwa mafundi vyuma, uliza wanaochoma masinki na reli za ngazi za mahoteli, utaoneshwa. Wapo wachomeleaji wa gesi (sio wale wa kuchoma mageti kwa vijiti) na nyuma kuna mzee wa mashine ya kukerezea. Huyo mzee ndio sababu ya mimi kuandika haya yote.

Tuanze na bawaba jike, vile vikuku vinavyofungwa nyuma ya boti. Nilipeleka sampuli niliyokata kwa plaiwudi nyembamba, vipimo nimeandika juu yake kwa kalamu. Hawakuchora wala nini, kijana alichukua flatibaa ya milimita 3, akabana nondo ya milimita 10 kwenye jiliwa, halafu kabla ya kukunja akaiviringishia nondo kipande cha kopo la soda. Nikamuuliza hiyo ya nini, akasema bila hivyo pini itaingia leo kwenye kivuli ila kesho juani na chumvi imeshika haitoki. Akapiga nyundo taratibu mpaka chuma kikakumbatia nondo, akatoa, akakata lile kopo likadondoka, pini ikaingia na ule ulegevu kidogo tu unaotakiwa. Hicho kitu huwezi kukiona kwenye picha ya duka la mtandaoni.

Kwenye pini, zile bawaba dume za kwenye usukani zinazoingia kwenye vikuku, ndio mzee akaingilia. Kashika sampuli yangu akaigeuzageuza akasema, "Mwanangu, hizi pini zote mbili ukizifanya sawa, uko majini na wimbi linakurusha, utazilenga zote kwa mara moja?" Basi ya chini akaikereza ndefu kuliko ya juu, unaipachika hiyo kwanza kisha ya juu inajifuata yenyewe. Na akatoboa tundu la pini ya kupasua kwenye ncha, kwa sababu usukani wa mbao unaelea, siku boti ikipinduka au ukigonga fungu unanyanyuka na kwenda zake. Kumuuliza kumbe ujanani alikuwa akitengeneza shafti za boti za wavuvi. Shikamoo yake ilinigharimu soda, ushauri bure.

Sasa kwenye chuma chenyewe ndio uwe macho, na hapa ndio ile nyota moja imepotelea. Wao wanacho stenlesi, na watakuambia ni "orijino" kwa sababu sumaku haishiki. Sumaku inakusaidia kuikamata ile ya bei chee kabisa ya 430 (hizi namba ni aina za stenlesi), basi. 201 ya reli za ngazi haishiki, 304 haishiki, 316 haishiki, na hata 304 nzuri ukishaikunja inaweza kuvuta sumaku kidogo pale kwenye kona, kwa hiyo ile sumaku ya spika unayotembea nayo mfukoni haikumalizii kazi. Cha baharini ni 316, ile yenye molibdenamu asilimia 2 mpaka 3, ndio inayovumilia chumvi. Nunua mwenyewe flatibaa au kipande cha shiti chenye namba imechapwa juu yake, uende nacho. Bolti soma kichwani: A2 ni familia ya 304, A4 ni ya 316. Ambayo haina kitu kichwani mimi naiacha dukani. Na skrubu za shaba ya njano, hata ziwe zinang'aa vipi, usiweke chini ya mstari wa maji, zinki inatoka inabaki kitu cha waridi kinachovunjika kwa vidole.

La pili ni grenda. Karakana hii inapiga na mageti ya chuma cha kawaida, na diski ileile iliyosugua geti ndio ikaja kusugua bawaba zangu, basi vile vichembe vya chuma vinajipachika kwenye stenlesi. Nilikabidhiwa vitu vinang'aa kama sahani za harusi, nikaviacha kibarazani Kigamboni na ule upepo wa bahari, haikuchukua muda vikaota madoa ya kutu kama vipele. Kuwaambia wakasema ni upepo wa kwetu ndio mkali lol. Dawa yake ni unga wa asidi ya sitriki, ule wa kutengenezea juisi na jemu, unauchanganya na maji ya moto, unaloweka chuma kwa masaa, unasugua na unasuuza. Yametoka na hayajarudi. Na pale karibu na mchomo palipobaki rangi ya bluu na kahawia wasipopasafisha hapo ndipo kutu inaanzia, wasimamie wasugue mpaka weupe urudi, na kwa brashi ya stenlesi sio ya waya wa kawaida. Safari ya mwisho nilikwenda na diski yangu mpya na brashi yangu, hawakununa, kijana kacheka tu kaniambia kaka wewe una wivu na hivyo vyuma.

Kapi za henza (kamba ya kupandishia tanga) na demani (kamba ya kulivutia na kulilegezea tanga) nazo alikereza mzee, magurudumu ya nailoni kwenye mashavu ya stenlesi. Ziko vizuri ila mwambieni aache nafasi kubwa zaidi, nailoni inakunywa maji na kuvimba, zangu zilianza kugoma baada ya kulowa, ikabidi arudie kuzinyoa (bila kuchaji). Ukipata asetali, ile wengine wanaiita Delrin, afadhali hiyo, haivimbi.

Kufunga nimefunga mwenyewe. Bawaba ya chini kwanza, halafu unapitisha nondo moja ndefu iliyonyooka kwenye vikuku vyote viwili ndio unaweka alama za matundu ya juu, la sivyo usukani utakuwa unakwaruza kila ukipindisha kana, yaani mpini wa usukani. Tundu kwenye plaiwudi toboa kubwa kuliko bolti, jaza epoksi, ikikauka toboa tena saizi yenyewe, maji yakipenya yasiikute mbao. Chini ya chuma paka gundi ya kuzibia maji, Sikaflex au poliyurethani nyingine, silikoni ya bafuni waachie bafuni.

Bei mnapatana papo hapo kwa kipande na inashuka ukienda na chuma chako na sampuli inayoeleweka, ukienda na maneno matupu na picha ya simu utalipa bei ya hoteli. Mimi jumla, na soda za mzee humo, haikufika nusu ya nilichoambiwa cha kuagiza. Risiti usitegemee. Jumamosi foleni ni ya wenye mageti, utakaa. Ijumaa wanafunga mchana kwa ajili ya swala. Mzee mara nyingi yupo asubuhi, alasiri mashine unaikuta na kijana wake ambaye naye anajua ila ana haraka. Mimi nasubiri kipande cha 316 cha kutengenezea chuma cha kukalia injini nyuma, nikikipata naenda asubuhi.