Fomu za mkataba za ofisi za mayaya Nairobi: kipengele cha ugonjwa ndicho kibovu

Nyota mbili kati ya tano. Fomu ya ukurasa mmoja ambayo mwajiri hupewa akichukua yaya kupitia ofisi huwa iko sawa kwenye mshahara na siku ya mapumziko. Kwenye ugonjwa inasema "ruhusa kwa makubaliano", basi. Haitoshi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 30, inampa aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu, katika kila miezi 12. Mshahara wa shilingi 15,000 ukigawa kwa 30, siku ni 500. Hizo saba za nusu ni 1,750. Cheti cha zahanati kinakubalika, si lazima hospitali kubwa.

Kosa linalorudiwa sana ni kukata siku za homa kutoka likizo yake ya mwaka ya siku 21. Hizo ni hesabu mbili tofauti.

Msiba, au mtoto wake mwenyewe kuugua, sheria hiyo haikuvitengea siku. Ongezeni kwa kalamu: tuseme siku 4 zenye malipo, ampigie nani simu kabla ya saa 12 asubuhi, na nani atakaa na mtoto. Yaya anayeogopa kukatwa atakuja na mafua yake, na mtoto wenu atayapata.