TAHADHARI: SMS ya "kifurushi chako kimekwama" ni ya matapeli

Ndugu zangu, kuna SMS inazunguka ikijifanya ya Posta. Inasema: "Mpendwa mteja, kifurushi chako kimefika ila anuani haijakamilika. Thibitisha ndani ya saa 12 la sivyo kitarudishwa." Chini yake kuna linki. USIIGUSE.

Angalia imetoka wapi. Posta ya Tanzania itakutumiaje ujumbe kwa namba ya +63, namba za Ufilipino? Halafu isome linki taratibu. Wanaanza na posta.co.tz ili uridhike, kisha wanaunga kistari na herufi za ovyo, mwisho .top au .xyz. Mwenye tovuti anajulikana kwa kile kilichoandikwa mwishoni mwa jina, kabla ya mkwaju (/). Wenye iPhone wanaambiwa wajibu "Y" kwanza. Simu huzima linki za namba usiyoijua. Ukijibu, umeiwasha mwenyewe.

Ukurasa una nembo na kila kitu, na unadai shilingi elfu moja na ushee tu. Hawana shida na hiyo buku. Wanataka namba za kadi na zile tarakimu 3 za nyuma. Benki inatuma OTP (namba ya siri ya kutumika mara moja), nao wanakuomba uiweke "kukamilisha malipo". Hapa ndipo watu wanapoumia kweli: mara nyingi OTP hiyo ni ya kuunganisha kadi yako kwenye simu ya tapeli, na akishaiunganisha anafanya manunuzi kwa hela zako. Soma SMS ya OTP yote, usikimbilie tarakimu. Huwa inaeleza ni ya nini.

Kama kweli unasubiri mzigo, mwombe aliyeutuma namba ya kuufuatilia. Ya posta ina herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi ulikotoka, mfano CN kwa China. Fungua tovuti ya Posta mwenyewe uiingize, au nenda kaunta.

Wazazi wenye watoto nje ndio wanaonasa kirahisi, maana mzigo wanausubiri kweli. Wapigieni leo.

Aliyekwisha kujaza kadi apige simu benki sasa hivi waifunge, asingoje hela zitoke. Na atakayekufuata inbox akidai atakurudishia pesa kwa ada kidogo, huyo ni tapeli mwingine. SMS yenyewe itume 15040 kwa Tanzania. Mlioko Uingereza na Marekani, 7726.