Matembezi ya kuongozwa Kramgasse, Bern: nyota nne kati ya tano

Kazi yangu ni uashi, kwa hiyo nilipolipia matembezi ya kuongozwa katika mtaa wa Kramgasse, mjini Bern, Uswisi, sikufuata maduka. Nilifuata mawe. Mwongozaji wetu, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alianza pale ninapoamini kila mtu angepaswa kuanza: kwenye moto.

Bern ilianzishwa mwaka 1191, na nyumba zake nyingi zilikuwa za mbao. Mei 1405 moto mkubwa ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Wakajenga upya, na safari hii mawe ya mchanga yenye rangi ya kijivu inayoelekea kijani yakashika nafasi ya mbao. Mama yule alitupeleka hadi kwenye nguzo moja chini ya varanda zenye matao, akatuambia tuiguse. Jiwe hilo ni laini. Mvua na baridi hulila, kwa hiyo mafundi hung'oa kipande kilichooza na kuchomeka kingine. Ukisogea utaona mpaka wenyewe: huku kingo kali za patasi, huku uso uliolika na kuviringika. Ningeweza kubaki hapo saa nzima.

Varanda hizo nazo zilinifurahisha sana. Ghorofa za juu zimejengwa juu ya njia ya kupita watu, kwa hiyo unatembea mtaa mzima bila kulowa. Pembeni, milango ya mbao iliyolala mshazari inashuka kwenye vyumba vya chini ya ardhi ambavyo zamani vilikuwa maghala. Leo vingi ni maduka. Upana wa mtaa una sababu yake pia: soko lilifanyika hapo hapo njiani.

Mnara wa saa, Zytglogge, ulikuwa lango la magharibi la mji wa kwanza, kisha ukawa gereza. Mitambo ya saa ni ya Kaspar Brunner, ya mwaka 1530. Ufike dakika tano kabla ya saa kugonga, maana sanamu ya jogoo huwika na sanamu za dubu huanza kuzunguka mapema, na anayefika saa ikigonga hukuta sehemu kubwa imeshapita.

Nyota moja niliyoipunguza ni kwa sababu ya nyumba namba 49. Mwanafizikia Albert Einstein alipanga ghorofa ya pili humo kuanzia 1903 hadi 1905, akiwa na mkewe Mileva Marić na baadaye mtoto wao, huku akifanya kazi katika ofisi ya hataza, yaani ya kusajili uvumbuzi. Ni historia kubwa, siibishii. Nadharia ya uhusianifu aliichapisha mwaka huo wa 1905. Lakini tulisimama nje ya mlango huo muda mrefu mno, na Gerechtigkeitsgasse, mwendelezo wa mtaa kuelekea mtoni, tukaupita karibu mbio. Huko ndiko iliko chemchemi ya Haki, ya mwaka 1543, kazi ya Hans Gieng: sanamu ya mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, ana upanga na mizani, na miguuni pake wapo papa, kaizari, sultani na meya, wote wadogo kuliko yeye. Watu wa mji uliotawaliwa na familia chache waliweka sanamu hiyo katikati ya njia kuu, watawala waione kila wapitapo! Hilo lilihitaji robo saa, si dakika mbili. Sanamu ya asili ilivunjwa mwaka 1986. Iliyopo ni nakala, na imechongwa vizuri.

Bado nawashauri mwende. Vaeni viatu vya soli bapa, maana mawe ya njiani huteleza yakilowa, na mkilipia muulize kabisa kama matembezi yanafika chini hadi kwenye daraja la Nydegg. Kama hayafiki, tafuteni mwongozaji mwingine.